Kulala ndani ya mashua ya tanga Ziwa Kivu: nanga kwanza, tanga baadaye

Mtu anayetaka mashua ya tanga hapa Goma au Bukavu huanza kuulizia ukubwa wa tanga, urefu wa mlingoti na nguvu ya moteri. Anayetaka kuishi ndani yake aanze na swali jingine: usiku nitaifunga wapi, na kwa kamba ya namna gani? Upepo wa Kivu kwa siku nyingi za mwaka ni mpole na unazoeleka. Mashua ndogo nyingi huharibika zikiwa zimesimama: zimesimama mahali pabaya, kwa kamba fupi, na mwenyewe amelala.

Sababu iko chini ya maji. Kina cha Kivu kinafika karibu mita 485, na kingo zake nyingi zinashuka ghafla. Kwenye mwambao wa mawe meusi upande wa Goma, na sehemu nyingi za kisiwa cha Idjwi, unaweza kuwa karibu kabisa na nchi kavu na kamba ya mita 30 isiguse chini. Ghuba za kusini, kuelekea Bukavu na Kabare, zina matope na mteremko wa pole zaidi, na huko mambo ni rahisi. Kwa hiyo usichukue ushauri wa mtu wa Bukavu ukautumia Goma bila kupima.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mashine. Chukua risasi au chuma cha kilo moja, kifunge kwenye kamba nyembamba ya mita 40, piga fundo kila mita mbili na funga kitambaa chekundu kila mita kumi. Chini ya chuma paka grisi. Ukikivuta juu, grisi inakuambia kuna nini: matope yanaganda, mchanga unaonekana punje punje, na ikirudi safi huku ina mikwaruzo, hapo ni mwamba. Pima mara tatu au nne ukizunguka mahali unapotaka kusimama, si mara moja tu katikati.

Sasa hesabu ya kamba. Nanga haishiki kwa uzito wake. Inashika kwa sababu inavutwa ikiwa imelala, inajichimbia. Ukiivuta kwenda juu inang'oka, hata ikiwa ya kilo ishirini. Ndiyo maana kamba lazima iwe ndefu: mara tano ya kina ukitumia mnyororo mtupu, mara saba ukitumia mnyororo mfupi uliounganishwa na kamba ya nailoni. Na kina kinahesabiwa kuanzia pale kamba inapotokea kwenye omo, yaani pua ya mashua, si kuanzia usawa wa maji. Maji yakiwa mita 6 na omo iko mita 1 juu ya maji, ni 7 mara 7: mita 49. Maji yakiwa mita 12, ni 13 mara 7: mita 91, na hapo mashua ndogo nyingi hazina kamba ya kutosha. Mwenye kamba ya mita 60 asidanganyike kusimama kwenye mita 12 eti kwa sababu maji yametulia. Yametulia saa hii.

Kwa mashua ya mita 7 hadi 8, vifaa vinavyofaa ni nanga ya kilo 10, mnyororo wa milimita 8 wenye mita 10 (huo peke yake una kilo kama 14), na nailoni ya milimita 12 au 14, mita 60 bila kiungo katikati. Nailoni, kwa sababu inavutika na kurudi, hivyo wimbi halirushi nguvu zote kwenye nanga kwa mpigo mmoja. Ile kamba ya plastiki ya buluu inayouzwa sokoni kwa kufungia mizigo haivutiki hivyo, na jua linaila: ikianza kutoa vumbi na nywele mkononi, imekufa. Lakini usiitupe. Inaelea, na hilo lina kazi yake, nitaifikia sasa hivi.

Aina ya nanga ni jambo ambalo watu hubishana bure. Kwenye matope ya ghuba ya Bukavu, nanga yenye mabapa mawili mapana inashika vizuri kuliko zote. Kwenye mawe ya volkeno haifai; inateleza, au inabanwa ufani na hutaiona tena. Kwa mawe, tengeneza nanga ya makucha manne kwa nondo. Fundi yeyote wa kuchomelea wa Birere, hapa Goma, anaweza kuifanya: shina la bomba la chuma, makucha ya nondo ya milimita 10 au 12. Usimruhusu aweke nondo nene zaidi akidhani anakusaidia. Makucha yanatakiwa yakunjuke ukivuta kwa nguvu za moteri, nanga itoke, kisha uyakunje tena kwa nyundo ufukweni. Na kwa nanga yoyote inayoshushwa kwenye mawe, funga kamba nyembamba kichwani pake, upande wa makucha, yenye kidumu cha plastiki kinachoelea. Ikinasa, ivute kwa kamba hiyo kutoka upande wa nyuma. Beba nanga zote mbili.

Turudi kwenye kamba ndefu. Mita 49 za kamba maana yake mashua inaweza kuzunguka duara ambalo kutoka katikati hadi ukingo ni karibu mita 55, ukijumlisha urefu wake. Ghuba ndogo za Idjwi hazina nafasi hiyo. Upepo ukigeuka usiku, nyuma ya mashua inakuta mawe. Hapa ndipo panapohitaji mbinu ambayo kwa maoni yangu ndiyo njia pekee ya kulala kwa amani kwenye mwambao wa mteremko: nanga mbele kwenye kina, kamba mbili nyuma hadi nchi kavu.

Inafanyika hivi. Elekeza omo ziwani na shetri, yaani nyuma, upande wa nchi. Simama mbali na ukingo, pale penye maji mita 12 hadi 15 (hapa tu kina hicho kinakubalika, kwa sababu nanga itavutwa kupanda mteremko), ushushe nanga taratibu mpaka iguse. Kisha rudi nyuma polepole kuelekea ukingoni huku unatoa kamba. Kwa njia hii nanga inavutwa kupanda mteremko, na makucha yanachimba udongo. Ukifanya kinyume, ukaishusha karibu na nchi ukavuta kuelekea kinani, inavutwa kushuka mteremko, inateleza, na mwisho inaning'inia hewani chini ya mashua bila kugusa kitu. Hilo ndilo kosa linalorudiwa zaidi ziwani hapa, na mtu hugundua akishakuwa katikati ya maji.

Ukifika mita 15 au 20 kutoka ukingoni, mtu mmoja aende nchi kavu na mtumbwi mdogo akiwa na ile kamba ya buluu, mita 40 kila moja. Inaelea, kwa hiyo haizami ikanasa kwenye mawe au kwenye helisi, yaani pangaboi, ya moteri. Afunge kamba mbili kwenye miti miwili tofauti, moja kushoto na moja kulia, zipanuke. Mti uwe hai na wenye unene wa paja. Mgomba haufungiwi kitu. Pakiwa na jiwe tu, zungusha mnyororo wa mita 3 kwenye jiwe kwanza, ndipo ufunge kamba kwenye mnyororo. Jiwe la lava linakereza kamba kama tupa, na usiku mmoja wa mawimbi madogo unatosha kuikata. Mahali kamba inapopita kwenye ukingo wa mashua, ivishe kipande cha tiyo ya kumwagilia chenye sentimita 40 hivi, ukifunge kisihame. Kisha kaza kamba ya nanga kwa moteri ikirudisha nyuma kwa nusu nguvu, nusu dakika. Chagua vitu viwili nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, kwa mfano mti na pembe ya nyumba nyuma yake, ubavuni mwa mashua. Vikiachana, unaburuta.

Mpangilio huu unalingana na upepo wa ziwa. Mchana ardhi inapata joto na hewa inavuma kutoka ziwani kwenda nchi: mashua inasukumwa ukingoni na nanga inabeba kazi, ikivutwa kupanda mteremko. Usiku milima inapoa, upepo unashuka kuelekea ziwani: kazi inahamia kwenye miti. Vifaa vyote viwili vinavutwa upande vinapokuwa na nguvu.

Halafu kuna adabu. Kabla ya kufunga kamba kwenye mti wa mtu, salimia. "Jambo papa, tunaomba kulala hapa mpaka asubuhi" inatosha mara nyingi, na hapo hapo uliza kama wavuvi wanapitisha nyavu. Ekipaji za wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa hili, zile pirogi tatu zilizounganishwa kwa miti mirefu, hutoka jioni na kurudi alfajiri, na njia yao haina alama. Taa nyeupe inayoonekana pande zote iwake juu yako usiku kucha. Ya LED ya wati 2 kwa saa 12 inakula wati-saa 24 tu, hivyo hakuna kisingizio.

Kuna jambo moja ambalo mabaharia wa nchi nyingine hawalijui na sisi tunalijua kwa jina: mazuku. Kwenye mwambao kati ya Goma na Sake, pamoja na Bulengo, gesi ya kaboni dioksidi inatoka ardhini. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, haina rangi wala harufu, inatiririka kwenda chini na kukaa mabondeni. Hatari inakuwa kubwa usiku usio na upepo na alfajiri kabla ya jua, kwa sababu hakuna kinachoichanganya na hewa. Tazama mashua kwa jicho hilo: chumba cha kulala kiko chini ya usawa wa ukingo, na kitanda kiko chini ya mlango. Ni shimo linaloelea. Kwa hiyo usifunge shetri kwenye kibonde cha mawe ya lava, hata kama kimekingwa vizuri na upepo. Kukingwa huko ndiko kunakoifanya gesi ikae. Ukiona ndege au wadudu wamekufa mahali pamoja, ondoka. Usitegemee mshumaa kama kipimo: unapozimika, wewe umeshapumua gesi nyingi kupita kiasi. Na kile kifaa cha kugundua moshi wa makaa hakioni gesi hii kabisa, kinapima gesi nyingine. Ghuba ya Kabuno nayo ina gesi nyingi iliyoyeyuka kuanzia kina cha mita kumi na kitu tu, wakati kwenye ziwa kubwa iko chini sana. Mimi ningepita pale mchana na kulala kwingine.

Ukilielewa hilo, jiko halina maelezo marefu. Gesi ya chupa nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inateremka kwenye ngama, chini ya sakafu, na kusubiri cheche. Chupa ikae nje, kwenye sanduku lenye tundu la chini linalomwaga kuelekea majini, na ifungwe kwenye chupa yenyewe kila baada ya kupika, si kwenye jiko tu. Mbabula ya makaa inapikiwa nje, haiingii ndani hata ikiwa imebaki majivu mekundu ya kupasha joto. Moshi wake usioonekana unaua usingizini. Tuko mita 1,460 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95, kwa hiyo maharage yanakula makaa mengi. Sufuria ya presha inalipa gharama yake haraka. Bugali na sambaza hazina shida.

Maji ya ziwa yanafaa kuoga na kufua. Ya kunywa yatibu, kwa sababu kolera haikomi mjini hapa: javel (dawa ya klorini) ya asilimia 5 isiyo na manukato, matone 2 kwa lita, koroga, subiri dakika 30. Yakiwa na uchafu, chuja kwa kitambaa kisha tia matone 4. Hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku za kunywa na kupikia. Mvua inayopita kwenye moshi wa volkeno ya Nyiragongo ina asidi, inakula mabati ya Goma, basi usiikinge kwa kunywa ukiwa upande huo. Choo kiwe ndoo yenye mfuniko na vumbi la mbao au majivu, imwagwe kwenye choo cha nchi kavu. Kumwaga ziwani mahali watu wanapochota maji ni kuwapelekea ugonjwa.

Kuhusu safari yenyewe. Goma hadi Bukavu ni karibu kilomita mia kwa maji. Mashua ya mita 7 inayokwenda kilomita 7 kwa saa inahitaji saa 14, na hapa karibu na ikweta mchana una saa 12. Tena huo ni upepo wa kukusaidia; ukipiga bisho, yaani ukienda kwa kuzigizaga dhidi ya upepo, njia inaongezeka kwa karibu nusu yake. Kiangazi, Juni hadi Agosti, upepo wa kusini-mashariki una nguvu zaidi na mawimbi yanakusanyika upande wa Goma, kwa hiyo kushuka kwenda Bukavu ndio mzigo, kurudi ni raha. Gawa safari angalau mara mbili, na uwe umesimama kufikia saa tisa alasiri, ili ubaki na muda wa kupima, kukosea na kupima tena. Pita magharibi ya Idjwi: mpaka na Rwanda uko upande wa mashariki, majini, bila alama, na mashua inayopiga bisho inauvuka bila kujua. Karatasi zako na za mashua ziwe ndani ya mfuko usioingiza maji, na watu wa bandari unakotoka wajue unakwenda wapi.

Majira ya mvua hatari ni dhoruba za alasiri. Wingu jeusi likiketi juu ya milima na upepo ukafa ghafla, teremsha tanga lote sasa, usisubiri ule upepo wa baridi ukufikie. Kwa siku za kawaida, mawimbi yakianza kutoa povu jeupe hapa na pale, kunja tanga mara ya kwanza. Tanga lisilo na mistari miwili ya kukunjia si tanga la kuishi nalo. Radi nayo si mchezo: Kabare, hapo karibu na Bukavu, imo kati ya sehemu zinazopigwa radi nyingi zaidi duniani. Mlingoti uunganishwe kwa waya mnene wa shaba, si chini ya milimita mraba 25, ushuke wima bila kona kali hadi bamba la chuma lililo majini. Bamba dogo linalotosha baharini halitoshi hapa, maji ya ziwa yanapitisha umeme vibaya kuliko ya chumvi. Dhoruba ikiwa juu yako, kaa katikati ya mashua na usishike mlingoti wala nyaya zake.

Jile, yaani jaketi za kujiokolea, zivaliwe, zisikaliwe kama mito. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti kutoka Minova lilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wakitazama kutoka ufukweni, na ukaribu huo haukuwasaidia wengi. Jile ya niutoni 50 (kipimo cha nguvu ya kuelea) inamfaa anayeogelea na mwenye fahamu. Ya 150 inamgeuza uso juu hata aliyezimia. Usiku, anayetoka kukojoa ajifunge kwanza.

Ndani, adui ni unyevu. Usiku hewa ya hapa inapoa, pumzi za watu wawili zinatoa maji kwenye kuta, na godoro linaoza kutoka chini. Liweke juu ya fito zenye nafasi, si juu ya ubao mtupu, na acha matundu mawili wazi, moja mbele na moja nyuma. Mashua ya mbao inaozeshwa zaidi na mvua iliyotuama juu kuliko na ziwa lililoko chini, kwa hiyo tafuta kila kona ya sitaha inayoshika maji, uichimbie njia ya kutokea au uizibe.

Umeme: paneli ya wati 100 inatosha na kubaki kwa taa, simu na redio. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 ihesabu kama 50, ukiishusha zaidi ya nusu kila siku inakufa mapema. Fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa cha chanya. Hakikisha kivuli cha mlingoti hakilali juu ya paneli. Mstari mwembamba tu unapunguza umeme sana.

Moteri ya nje ya nguvu 6 inatosha mashua ya mita 7, lakini kwa mwinuko huu inapoteza karibu asilimia 15, kwa sababu hewa ni nyepesi na esansi, yaani petroli, inakuwa nyingi kupita kiasi. Dalili ni buji (plagi) nyeusi zenye masizi na moteri inayokohoa kwenye mwendo mdogo. Usikimbilie kununua buji mpya: mwambie fundi aweke jigleri, kile kitundu cha kupitishia esansi, ndogo zaidi kwenye kabureta, na ikibidi helisi yenye mkunjo mdogo. Esansi ya vidumu vya barabarani mara nyingi ina maji. Iache itulie usiku mzima, imimine ya juu kupitia kichujio chenye kitambaa, na lita moja ya mwisho usiitie kwenye tangi.